Kengele ya Mkwe

Gari letu lilijengwa mara mbili. Mara ya kwanza mume wangu alilijenga kwa ajili ya sifa, mara ya pili alilijenga kwa ajili ya mguu wa mama yangu. Ile ya kwanza ilidumu kuliko ndoa nyingi ninazozijua, na sikuipenda hata kidogo. Ya pili ndiyo iliyonifanya nimtazame upya yule mwanamume, na mimi si mtu wa kutazama upya kitu ambacho nimekwisha kukitolea hukumu.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Masuguru, Korogwe mjini. Nimezaliwa Vugiri, kule juu milimani, kwa Wasambaa, kwenye baridi na majani ya chai. Mume wangu ni Mzigua wa Mazingara, upande wa Handeni, fundi wa mashine za kusaga. Kazi yake ni kuzunguka vijijini na sanduku la spana, leo kafungua mashine hii, kesho ile. Ana mikono mizuri na mdomo mrefu. Akikaza bolti moja, mtaa mzima utapata habari kabla ya adhuhuri.

Mdomo huo una mahali pamoja tu unapofungwa: mbele ya mama yangu. Kwetu na kwao, mkwe ni mkwe. Mwanamume hakai benchi moja na mama wa mke wake, hali naye sahani moja, hamkazii macho, na wakikutana njiani anapisha pembeni na kuinamisha kichwa. Vijana wa siku hizi wanapiga picha wamekumbatiana na wakwe zao, heri yao. Sisi tulilelewa vingine. Tangu aliponiposa, hao wawili walizungumza kupitia kwangu, hata wakiwa ua mmoja na upepo unapeleka kila neno. "Mwambie mwenzako chai ipo." "Mwambie mama nimeshukuru." Nami nasema, kana kwamba hakuna aliyesikia. Nimefanya kazi hiyo ujana wangu wote na sijawahi kulalamika, ila leo.

Sasa gari. Alikuwa amekwenda kutengeneza pampu ya maji kwa wafugaji wa nyika za Handeni, akalikuta ndani ya boma: landrova ndefu ya zamani, yenye mlango wa nyuma, imezama kwenye vumbi hadi kwenye ekseli. Ilikuwa banda la mbuzi. Wana-mbuzi walikuwa wakichungulia madirishani kama abiria wanaosubiri basi lijae. Mume wangu anasema alipoliona tu alisahau pampu. Namwamini, maana pampu ile ilimrudisha kule mara ya pili.

Mzee wa boma hakuwa na kinyongo cha kulitoa. Yeye alikuwa na swali moja.

"Sasa mbuzi yangu italala wapi?"

Kwa hiyo fundi wangu wa mashine akageuka fundi wa mabanda. Alikata miti, akajenga banda zuri la mbuzi, lenye paa la bati na uzio wa miiba, akalikabidhi kwa maneno mengi. Mbuzi wakakataa kuingia. Walisimama nje wakilia usiku kucha, wakiitazama landrova yao. Mzee akatafakari, akasema wale wanyama wamezoea mlango. Ikabidi ung'olewe mlango mmoja wa landrova, wa upande wa abiria, ufungwe kwenye banda jipya. Jioni ile mbuzi waliingia mmoja mmoja kwa adabu zao. Mlango ule uko kule hadi leo, na kitasa chake, na kioo chake nusu.

Ndiyo maana gari lilipofika Masuguru likivutwa na trekta, lilikuwa na mlango mmoja mbele na harufu ya beberu. Nilitoka dukani kwangu na futi ya kupimia nguo shingoni, nikaliangalia, nikamuuliza mume wangu kama tumeanza kufuga.

"Hilo," akasema, "litakuja kupanda mlima wowote wa Usambara."

"Kwanza lipande ngazi ya uwani," nikamwambia.

Halikupanda. Lilikaa chini ya turubai nililolishona mwenyewe, na yeye akaanza kazi yake ya kila jioni. Nitasema ukweli kwamba wakati ule nilimwona mpuuzi. Chesesi ilikuwa imeliwa na mkojo wa mbuzi, akaikata vipande vipande na kuichomelea upya kwa vyuma alivyovitafuta huku na huko. Injini ya petroli ilikuwa na kiota cha panya mahali pa kabureta, akaitupa, akatafuta ya dizeli kutoka kwenye pikapu iliyopinduka, akaitengenezea vikalio vipya ili ikae mahali ambapo haikuzaliwa kukaa. Difu ilitoka kwingine, springi zilitoka kwingine, usukani ulitoka kwenye lori. Kila kijiji alichokwenda kutengeneza mashine, alirudi na kitu cha chuma kimefungwa kwenye gunia. Wenzangu waume zao walikuwa wakirudi na machungwa.

Majirani walimuuliza, "Fundi, lini linatoka?" Naye alijibu, "Kesho." Wakaliita Gari la Kesho. Watoto wa mtaa walizaliwa, wakatambaa, wakaenda shule, na gari bado ni la kesho. Siku moja lilitoka kweli, likafika hadi barabara ya lami, likazima mbele ya msikiti watu wakitoka swala ya Ijumaa, na likarudishwa kwa kusukumwa na waumini wenye kanzu safi. Mume wangu alitembea mbele yao kama bwana harusi, akieleza tatizo liko wapi.

Basi hiyo ndiyo mara ya kwanza. Lilikuwa gari la sifa, na sifa zenyewe alijipa mwenyewe.

Halafu mama yangu akaanguka.

Alikuwa peke yake nyumbani kwake Vugiri, akapanda mparachichi. Kwa umri ule! Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila kwa mama msemo huo haukupata pa kushika, maana mkuu alikuwa yeye mwenyewe. Nyonga ilivunjika. Alitibiwa, akapona kwa namna yake, lakini mguu wa kulia ulibaki umenyooka. Haukunjiki. Akikaa, unatangulia mbele yake kama mpini wa jembe. Tukamleta kwetu Masuguru ili apate nguvu kwanza.

Nguvu alizipata. Alichokosa ni njia ya kurudi. Bodaboda haiwezekani. Magari yanayopanda kule yanajaza watu hadi mlangoni, na mguu wa namna ile unataka nafasi ya watu watatu. Tuliwahi kujaribu kumpandisha kwenye gari dogo la kukodi. Ilibidi alazwe kiti cha nyuma kama gunia la viazi, na kabla halijawashwa akasema ashushwe.

"Mimi sitarudi Vugiri nimelazwa," akaniambia. "Siku ya kulazwa ipo, na sitakuwa na la kusema. Lakini maadamu nina macho, nitarudi nimekaa, naona njia, na watu wananiona. Nikirudi, nirudi abiria. Nisirudishwe mzigo."

Akakaa kwetu. Korogwe ni joto, na mtu wa Vugiri kwenye joto la Korogwe ni mche uliopandwa mahali pabaya. Mwanzoni alikuwa akiuliza kila siku habari za kwake: nani anapalilia maharage, nani anakula maparachichi, paa linavuja au halivuji. Mwaka ukapita, na mwingine. Akaanza kuuliza mara mojamoja. Halafu akaacha. Alikuwa akikaa kibarazani, mguu juu ya kigoda, uso ameuelekeza kwenye milima. Nilikuwa nikimwona kutoka kwenye cherehani yangu, na niliogopa. Niliogopa kuliko siku aliyovunjika. Mtu akiacha kuuliza habari za shamba lake, ujue ameanza kufunga mizigo ya safari nyingine.

Sikumwambia mume wangu. Hakuniuliza pia. Lakini jioni moja niliona ameondoa turubai, amefungua mlango wa nyuma wa gari, na ameshika futi yangu ya kushonea.

"Mguu wa mama," akasema, "kuanzia nyonga hadi kisigino, una urefu gani?"

Hakuweza kwenda kuupima mwenyewe. Nikaenda mimi. Mama alikuwa anajifanya amelala. Nilipomaliza akasema, macho yamefungwa, "Mwambie mwenzako aongeze kidogo, kwa ajili ya kiatu."

Hapo ndipo gari lilipoanza kujengwa upya, na hapo ndipo na mimi nilipoacha kucheka. Alibomoa sehemu ya nyuma yote. Akatengeneza kiti cha mbao ya mninga, chenye egemeo la mkono upande mmoja, na mbele yake ubao mrefu wa kulaza mguu, wenye kingo ili usiteleze kwenye kona. Mimi nilishona magodoro yake, sponji ndani na turubai juu. Ngazi ya kupandia aliitengeneza ya kukunjua, vipandio vyake vifupi, maana alikuwa amemtazama mama kwa mbali jinsi anavyopanda kibaraza. Madirisha ya pembeni aliyakata upya, akayashusha yawe sawa na uso wa mtu aliyekaa. Alichukua kipande cha boksi, akakikata kwa kimo cha mama akiwa ameketi, akakiweka kwenye kiti ili apime. Niliwakuta wametulia hivyo, mume wangu na mkwe wa boksi, na yeye akiongea na boksi hilo kwa heshima zote, "Mama, hapo unaona vizuri?"

Nilirudi ndani nikalia kidogo. Si jambo la kuficha.

Siku ya kulijaribu tulimpandisha mama, tukaenda hadi daraja la mto na kurudi. Mume wangu alikuwa ameweka kioo kikubwa nyuma ya dereva, dirisha zima, ili mama aone barabara ya mbele. Juu ya usukani alikuwa amefunga kioo kingine kipana cha kutazamia nyuma, cha basi, anachojivunia. Hatukufika mbali mama akavuta kanga akajifunika uso wote. Nilidhani ni vumbi. Alikwenda hivyo hadi darajani, akarudi hivyo hadi nyumbani. Aliposhuka akasema, "Mwambie mwenzako nimeshukuru sana. Sitapanda tena." Akaingia ndani.

Mume wangu alibaki amesimama na ufunguo mkononi. Akakagua springi. Akakagua kiti, akakikalia mwenyewe, akanyoosha mguu. Akanusa, kama harufu ya beberu imerudi. Hakuona kosa. Ikabidi nikae mimi kwenye kile kiti, yeye akae mbele, na mara moja nikaona. Kwenye kile kioo cha basi yalikuwemo macho yake, makubwa, yananitazama usoni.

"Umemtazama mama yangu machoni kutoka hapa hadi darajani," nikamwambia, "kwenda na kurudi."

"Mimi? Mimi nilikuwa naangalia tairi la nyuma!"

Lakini rangi ilikuwa imemtoka. Maskini, alikuwa amefikiri kila kitu: mguu, kiatu, kona, kimo cha dirisha. Alijenga gari la mgonjwa akasahau kwamba mgonjwa ni mkwe wake. Kwa watu wengine kioo ni kioo. Kwetu, alikuwa amemweka mama mtu mzima mbele ya macho ya mkwewe kama bidhaa kwenye kabati. Siku zile hakwenda kwenye mashine ya mtu. Alikaa tu, na mdomo wake ule mrefu ulikuwa umefungwa, na mimi niliyekuwa nikiomba kila siku unyamaze nikaanza kuutamani.

Alipoamka kwenye huzuni yake, aliamka na nyundo. Kioo cha basi kikang'oka. Lile dirisha la kati likazibwa kwa ubao mzima wa mninga, hauna hata tundu. Kiti akakigeuza: mama sasa angeketi ameegemeza mgongo kwenye ubao ule, mguu umeelekea mlango wa nyuma. Na yeye, kwenye usukani, mgongo wake ungekuwa upande wa pili wa ubao huohuo. Mkwe na mkwe, mgongo kwa mgongo, hawaonani, hawagusani. Nilimwangalia akipiga msasa ubao ule pande zote mbili, hata upande ambao ungefichwa na godoro, nikasema moyoni kwamba nimeolewa na mtu.

Likabaki jambo moja. Mama akitaka gari lisimame siku ambayo mimi simo kumsemea, atasemaje, na ubao hauna tundu? Jibu lilitoka kulekule lilikotoka gari. Yule mzee wa boma alisikia kwamba banda lake la mbuzi sasa linatembea, akapanda gari la abiria akaja Masuguru na rungu lake kuliona. Tulimwamkia, akalizunguka, akagonga bodi, akauliza mlango wa upande huu ulitoka wapi. Mume wangu akamwonyesha mlango wa bati aliouunda mwenyewe. Mzee akacheka sana. Alipoelezwa habari ya mkwe hakucheka. Aliitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyeambiwa jambo la maana, kwani kwao pia mkwe haguswi wala hatazamwi. Baada ya muda akatuletea kengele ya ng'ombe, ya chuma, nzito, yenye sauti ya chini.

"Hii ng'ombe yangu ya mbele ilivaa," akasema. "Nyingine yote inafuata."

Mume wangu aliifunga darini, juu ya kiti cha dereva, kamba ikapita pembeni mwa ubao hadi kwenye mkono wa mama. Tukakubaliana: ukivuta mara moja, simama, mara mbili, endelea. Mama alipoelezwa aliijaribu kwa kidole. Kengele ikalia kule mbele. Ndiyo siku aliyouliza, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, kama yale maharage yake kuna aliyeyapalilia.

Lakini mlima haupandwi kwa kengele. Mume wangu alikwenda peke yake kwanza kujaribu, na njiani kuna kona moja kali ambayo madereva huzima redio kabla ya kuifikia. Gari lilichemka hapo, maji yakaruka, akarudi kinyumenyume hadi penye nafasi ya kugeuzia. Akarudi nyumbani, akafungua. Akaweka rejeta kubwa zaidi, akaifanyia nafasi kwa kusogeza boneti mbele. Akarudi mlimani, gari likakataa gia ndogo, ile ya kuvuta magurudumu yote manne. Akafungua giaboksi. Hivyo hivyo, wakati wa mvua, wakati wa kiangazi. Majirani hawakusema tena Gari la Kesho. Walikuwa wanamwona mama kibarazani, na walikuwa wakimuuliza mume wangu kwa sauti ya chini, "Kona umeipita?" Na yeye, yule mwenye maneno, alijibu "Bado" akaendelea na kazi. Nilimstaajabia mno wakati ule. Mtu wa kujisifu akifanya kazi kimya, ujue kazi imemfikia moyoni.

Jioni moja aliingia uwani akanawa mikono, akanawa na uso, akasema, "Mwambie mama afunge nguo zake."

Tuliondoka asubuhi. Mama alivaa kanga mpya na sweta, joto lote lile, kwa sababu anakokwenda sweta inahitajika. Alipanda ngazi taratibu, akasema bismillahi, akakaa, akanyoosha mguu, akaegemea ubao. Mimi nilikaa naye nyuma. Tulipoanza kupanda, kwa jinsi kiti kilivyogeuzwa, mama aliiona Korogwe yote ikishuka na kubaki chini: mashamba ya mkonge, mapaa ya mabati, joto lile alilokaa nalo bila kulizoea. Alikuwa akiangalia tu, na hewa ilipoanza kupoa alifungua kinywa kidogo kama anaionja.

Tukafika kwenye kona. Gari likasimama. Nikasikia mume wangu anabadilisha gia, chuma kikagonga chuma, bodi yote ikaanza kutetemeka. Tairi la nyuma likateleza kwenye kokoto. Mama akashika ukingo wa kiti.

"Mwambie mwenzako asiogope," akasema.

Nikapaza sauti kwenye ubao. "Mama anasema usiogope!"

"Mwambie siogopi!"

"Anasema haogopi."

"Mwambie namsikia anavyotetemeka, mgongo wangu uko hapa."

"Mwambie hiyo ni injini!" akapiga kelele mume wangu kabla sijatamka chochote.

"Mama, anasema hiyo ni injini."

"Haya," akasema mama. "Basi injini nayo isiogope."

Na gari likapanda. Lilipanda polepole, likinguruma kwa sauti nene, magurudumu yote manne yakikamata, na lile bonde likazunguka nje ya dirisha hadi likawa nyuma yetu kabisa. Sijui magari, najua nguo. Lakini najua kitu kilichoshonwa vizuri kinavyoshika mwili, na siku ile kila kipande cha lile gari kilishika. Chesesi ya vyuma vya kuokota, injini ya pikapu iliyopinduka, usukani wa lori, mlango wa bati: vyote vilikwenda pamoja. Nilitaka kushuka nimkumbatie palepale barabarani, tukazua aibu nyingine.

Juu kulikuwa na ukungu mwembamba na harufu ya majani mabichi ya chai. Tukaingia njia ya nyumbani. Niliiona miti ya uani kwetu, niliuona mparachichi ule ule mkorofi, nikaona paa. Mume wangu akapunguza mwendo. Nikainuka nikaanza kufungua komeo la mlango wa nyuma na kuandaa ngazi. Machozi yalikuwa yananitoka, na sikuyafuta, maana mama alikuwa amefika nyumbani kwake akiwa amekaa.

Kisha kengele ikalia mara mbili.

Gari likasita. "Ni moja au mbili?" mume wangu akauliza kupitia ubao.

Nilimtazama mama. Mkono wake ulikuwa bado kwenye kamba. Macho yake yalikuwa kwenye njia, wala hayakuutazama mlango wa nyumba yake.

"Mbili," nikasema.

Tukapita nyumba. Tukapanda hadi pale penye maduka, ambapo wanawake wanaorudi kuchuma chai hupumzika na watu hukutana kwa habari. Mama akavuta mara moja. Gari likasimama katikati yao. Dirisha lilikuwa sawasawa na uso wake, kama lilivyopimwa kwa boksi, na watu wakamwona mara moja. Wakaja mbio, wakashika mikono yake dirishani, shikamoo za wadogo zikachanganyika na vicheko vya wenzake, na mama mmoja mtu mzima akauliza kwa sauti kubwa, kwa Kishambaa, ni nani aliyeweza kumpandisha mlima na mguu huo.

Mama akajiweka sawa kwenye kiti. Alijibu kwa Kiswahili, na naijua sababu yake: Kishambaa mume wangu anakisikia nusunusu.

"Nimeletwa na mkwe wangu," akasema, kwa sauti ya kufika kule mbele na kuvuka. "Gari hili ameliunda mwenyewe, kwa mikono yake. Lilikuwa banda la mbuzi. Ameliunda kwa ajili ya mguu wangu, na kwa heshima yangu, na njia nzima nimeegemea mgongo wangu hapa kwenye ubao wake na sikuumia. Semeni nyinyi mliozaa mabinti. Nani ana mkwe kama wangu?"

Miaka yote ile hakuwahi kumsifu. Injini ikazima ghafla. Mume wangu, ambaye hata kwenye kona ile injini haikumzimikia, alikuwa ameachia klachi.

Watu wakacheka. Mama akatulia mpaka wamalize. Akageuza kichwa kidogo, asiuelekee ubao sana, akaniambia taratibu, "Mwambie mwenzako awashe. Bado wa kule juu hawajaniona."

Nikamwambia, ingawa tulijua sote kwamba amesikia. Nikamsikia upande wa pili wa ubao anapenga kamasi, bila shaka kwenye kile kitambaa chake cha oili, halafu nikasikia stata. Mama akavuta kamba mara mbili.